Kompaila ya Go ilivyohama kutoka C: kisa cha tafsiri sisisi ya makusudi

Pakua msimbo wa lugha ya programu ya Go, toleo la 1.4 la Desemba 2014, ufungue saraka ya src/cmd/gc, inamokaa kompaila yake, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine. Humo mna mafaili ya lugha ya C: walk.c, typecheck.c, esc.c, swt.c, sinit.c na wenzao. Kisha pakua Go 1.5, toleo la Agosti 2015, uingie src/cmd/compile/internal/gc. Humo mna walk.go, typecheck.go, esc.go, swt.go na sinit.go. Weka walk.c kushoto na walk.go kulia uzisome sambamba. Fanksheni ni zilezile kwa majina yaleyale, na maoni ambayo mtu aliyaandika zamani juu ya kipande fulani cha C yamekaa juu ya kipande kilekile cha Go. Kati ya matoleo hayo mawili kompaila nzima ilibadili lugha, na waliokuwa wakiitumia kila siku waliendelea na programu zao kama kawaida.

Waliosomea tafsiri wanaijua kazi ya namna hii kwa jina la tafsiri sisisi: neno kwa neno, muundo kwa muundo. Mwalimu akikuandikia neno hilo kwa wino mwekundu pembeni mwa karatasi, ujue amekukosoa. Mimi naamini kwamba katika kisa hiki sisisi ndiyo iliyoiokoa kazi yote, na kwamba walioichagua waliujua ubaya wake tangu siku ya kwanza. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaokabidhiwa mfumo wa miaka kumi, ulioandikwa kwa lugha ambayo hakuna kijana wa ofisini anayetaka kuigusa, wakaambiwa wauhamishe. Kisa hiki kina faida kwetu kwa sababu kila hatua yake iko hadharani na unaweza kuikagua mwenyewe.

Ilikuwaje wakaanza na C

Go ilianza kuchorwa Septemba 2007 ndani ya Google na watu watatu: Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson. Januari 2008 Thompson alikuwa ameshaanza kompaila ya kujaribia mawazo yao, nayo ilikuwa inatoa msimbo wa C badala ya lugha ya mashine. Baadaye ikakua kuwa kompaila kamili, imeandikwa kwa C, ikirithi zana za mfumo wa Plan 9 wa Bell Labs ambazo Thompson mwenyewe alikuwa amezitengeneza. Huko ndiko yalikotoka majina yaliyowachanganya wageni: 8g ilikuwa kompaila ya mashine za 386, 6g ya amd64, 5g ya ARM. Badala ya g ukiweka l unapata linka, inayounganisha vipande kuwa programu moja, ukiweka a unapata asembla, inayogeuza maagizo ya prosesa yaliyoandikwa kwa maneno kuwa lugha ya mashine. Kila aina ya prosesa ilikuwa na seti yake.

Sababu ya kutumia C ilikuwa ya yai na kuku, kwani mwaka 2008 hapakuwa na Go ya kuandikia Go. LLVM, mkusanyiko wa zana za kujengea kompaila, waliitazama wakaiona kubwa mno na nzito kwa kasi waliyoitaka. Tena Go yenyewe haikubuniwa kwa lengo la kuandikia kompaila, bali programu za seva.

Miaka mitano baadaye hali ilikuwa nyingine. Lugha ilikuwa imetoka hadharani Novemba 2009 na kupata watu wanaoipenda, na watu hao walikuwa wanaandika Go. Mmoja wao akitaka kurekebisha kosa ndani ya kompaila, alikuta C ya mtindo wa kale, imejaa vibadilika vya jumla vinavyoguswa kila mahali, na hakuna namna rahisi ya kukijaribu kipande kimoja peke yake. Zana zote nzuri ambazo Go ilizileta, za kupanga msimbo, kuuandika upya kwa mashine, kuupima na kuona muda unapotelea wapi, zilikuwa hazifiki kwenye kompaila ya Go yenyewe.

Kulikuwa na sababu ya pili, ya kiufundi zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa nzito. Gorutini, yaani kazi moja kati ya nyingi ambazo programu ya Go huziendesha kwa pamoja, huanza na staki ndogo, eneo la kumbukumbu la fanksheni zinazoendelea kufanya kazi. Ikijaa, mfumo hutenga nafasi kubwa zaidi, hunakili staki yote kwenda huko, kisha hurekebisha kila kielekezi, yaani thamani inayobeba anwani ya kumbukumbu, kilichokuwa kinaelekea kwenye anwani ya zamani. Ili kufanya hivyo lazima ujue kwa hakika neno lipi kwenye staki ni kielekezi na lipi ni namba tu. Msimbo wa Go hubeba taarifa hizo, wa C haubebi. Kwa hiyo popote ambapo sehemu ya mfumo wa uendeshaji wa Go (runtime, msimbo unaoambatana na kila programu ya Go ikiwa inafanya kazi) iliandikwa kwa C, palikuwa na staki isiyoweza kuhamishwa kwa usalama, na palikuwa na kumbukumbu ambayo kizoa taka, anayerudisha kumbukumbu isiyotumika tena, alilazimika kuikisia. Sehemu kubwa ya mfumo huo ilipogeuzwa kuwa Go katika toleo la 1.4, staki ya kuanzia ilishuka kutoka baiti 8192 hadi 2048. Kwa programu yenye gorutini laki moja, hesabu hiyo unaweza kuifanya kichwani.

Njia tatu mezani

Desemba 2013 Russ Cox, aliyejiunga na kikundi hicho mwaka 2008, aliandika pendekezo la kuigeuza kompaila, na Aprili 2014 akalieleza mbele ya watu kwenye GopherCon, mkutano wa watumiaji wa Go, mjini Denver. Mbele yake kulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ni ile inayomjia kila mmoja wetu: kaa chini, andika kompaila mpya kwa Go safi. Inavutia kwa sababu unaanza na ukurasa mweupe. Ubaya wake ni kwamba kompaila ya zamani ilikuwa imebeba miaka ya marekebisho madogomadogo, kila moja likiwa jibu la tatizo ambalo mtu fulani alikumbana nalo. Mengi ya majibu hayo hayakuandikwa popote isipokuwa kwenye msimbo wenyewe. Ukianza upya, unaanza pia kukutana na matatizo yaleyale moja baada ya jingine.

Ya pili ni kutafsiri kwa mkono, faili baada ya faili. Hapa kuna mtego ambao nimeuona ukiwakamata watu hodari. Kazi ni ya miezi. Wakati unatafsiri faili la kumi, wenzako wanarekebisha faili la pili ulilokwisha kulimaliza. Ama uwazuie wote wasiguse msimbo hadi umalize, ama ukimbizane nao bila kuwafikia. Na mtafsiri wa mkono huchoka. Saa kumi na moja jioni alama ya "ndogo kuliko" inageuka kuwa "ndogo kuliko au sawa", na hakuna atakayeiona mpaka ilete madhara.

Cox alichukua ya tatu: kuandika programu ya kutafsiri. Programu hiyo, c2go, haikukusudiwa kutafsiri C yoyote duniani. Ilikusudiwa kutafsiri C hii moja, yenye mtindo huu mmoja, na palipokuwa na jambo la ajabu mno, C yenyewe ilirekebishwa kwanza ili iweze kutafsirika. Naomba usipite haraka kwenye hilo. Kwa kuwa mtafsiri ni programu, wenzake waliweza kuendelea kurekebisha kompaila ya C, yaani ile ya Go iliyoandikwa kwa C, kila siku, naye akaiendesha upya c2go juu ya msimbo wa siku hiyo. Ikitokea tafsiri ina kosa, humrekebishi mfasiriwa, unamrekebisha mfasiri, unaendesha tena, na kosa hilo linaondoka kila mahali lilipokuwa. Siku ya kuhama inakuwa siku moja, na kabla ya siku hiyo hakuna kazi ya mtu iliyosimama.

Mahali lugha mbili zinapokataana

Kwa mbali C na Go zinafanana kama ndugu. Ukikaribia unaona zinavyogombana. Huu ni mfano wangu mwenyewe, mstari ambao mwandishi wa C huuandika bila kufikiri:

while((*p++ = *q++) != 0)
    ;

Unanakili herufi moja moja kutoka q kwenda p mpaka ufike kwenye sifuri. Katika Go mstari huu haupo. Kwanza, kupachika thamani katika Go ni tendo, hakutoi jibu unaloweza kulilinganisha na sifuri. Pili, alama ya ++ nayo ni tendo linalosimama peke yake, huwezi kuiweka katikati ya hesabu. Tatu, kielekezi cha Go hakisogezwi mbele kwa kujumlisha. Mtafsiri lazima apasue mstari mmoja kuwa mingi:

for {
    c := q[0]
    p[0] = c
    p = p[1:]
    q = q[1:]
    if c == 0 {
        break
    }
}

Hapo tayari amefanya uamuzi mzito, kwamba p na q ni vipande vya safu. Kielekezi cha C hakisemi kinaelekea kitu kimoja au mlolongo wa vitu. Go inataka ujue. Mtafsiri wa mashine hana budi kusoma matumizi yote ya p kwenye programu nzima kabla ya kuamua aina yake.

Mambo mengine ni ya aina hiyohiyo. Katika C unaandika if(n), na n inaweza kuwa namba, kielekezi au jibu la ndiyo na hapana. Go inakataa ukungu huo: ama n != 0, ama n != nil, ama n iwe ya aina ya ukweli tangu mwanzo. Makro za C, vifupisho vinavyopanuliwa kuwa msimbo kamili kabla ya kutafsiriwa, hazina mwenza katika Go, zikageuzwa kuwa fanksheni kwa mkono. Union, ile nafasi moja ya kumbukumbu inayovaliwa na vitu tofauti kwa zamu, haimo katika Go. Ikawa struct ya kawaida ambamo kila kimoja kina nafasi yake, na kila nodi ya mti wa programu, ule mti ambao kompaila huujenga kutokana na msimbo inaousoma, ikanenepa. Hata int si int: kwenye mashine ya amd64, int ya C huwa na biti 32 wakati ya Go ina biti 64, kwa hiyo hesabu iliyokuwa inafurika kimyakimya upande mmoja haifuriki upande wa pili.

Kisha kuna goto, amri ya kuruka hadi mahali pengine ndani ya fanksheni, ambayo C ya mtindo ule iliitumia sana. Go inayo goto, ila hairuhusu kuruka juu ya mahali kibadilika kinapotangazwa. Suluhisho rahisi la mashine ni kubeba matangazo yote ya vibadilika hadi kileleni mwa fanksheni, ili kusibaki tangazo la kurukwa. Inakubalika kisarufi na maana haibadiliki. Ukumbuke uamuzi huu, maana deni lake tutalikuta mbele.

Hakimu asiyependelea

Sasa twende kwenye moyo wa kisa. Unajuaje kwamba tafsiri ni sahihi?

Kompaila ina bahati ambayo programu nyingi hazina. Unaipa maandishi, inakupa faili. Ukiipa maandishi yaleyale kesho, inapaswa kukupa faili lilelile. Basi sharti likawa hili: kompaila ya C na kompaila iliyotafsiriwa, zikipewa programu moja, zitoe faili moja, biti kwa biti. Hakuna nafasi ya "inakaribia" wala "inaonekana sawa". Tofauti ya baiti moja ni kosa mpaka ithibitike vinginevyo, na msimbo wa kulinganishia ni mwingi, kuanzia maktaba nzima ya Go.

Ni sharti hilo linaloifanya sisisi kuwa ya lazima. Chukulia mtafsiri ameona mahali pa C penye upangaji wa orodha uliofanywa vibaya, akapatengeneza wakati anatafsiri. Nia ni njema. Lakini sasa orodha inatoka kwa mpangilio mwingine, faili linatofautiana, na hakimu, yaani ulinganisho huo, anapiga kelele. Je, kelele hii ni ya uboreshaji wake, au ni ya kosa lililojificha chini ya uboreshaji? Hawezi kujua bila kuchimba. Akifanya maboresho mia moja, hakimu anapiga kelele kila mahali, na hakimu anayepiga kelele kila mahali hamsaidii mtu. Asipoboresha chochote, kila kelele ina maana moja tu: umekosea tafsiri.

Ndiyo maana hata hitilafu za zamani zilivuka pamoja na msimbo. Nimewahi kubishana na watu juu ya jambo hili, wakiniambia ni upuuzi kutafsiri kosa unalolijua. Jibu langu ni kwamba kosa ulilolijua liandike kwenye daftari, ulivushe lilivyo, ulirekebishe upande wa pili siku inayofuata, kwa badiliko lake peke yake linaloweza kusomwa na mtu mwingine. Ukilirekebisha katikati ya daraja, umechanganya safari mbili.

Sehemu ya mwisho ya mfumo wa uendeshaji iliyokuwa bado kwa C ilivuka kwa roho hiyohiyo. Cox aliandika kwenye kumbukumbu za mabadiliko hayo kwamba ugeuzaji ulifanywa na zana, kisha ukaguswa kwa mkono kwa kiasi tu cha kuuwezesha kukusanywa (kugeuzwa na kompaila kuwa lugha ya mashine) na kuendeshwa.

Asembla ndiyo iliyopewa njia tofauti. Pike aliandika kichanganuzi kipya kwa Go tangu mwanzo, kimoja kwa prosesa zote, badala ya vile vya zamani. Ilikuwa ndogo kiasi cha mtu mmoja kuibeba, na hata hivyo hakimu alikuwa yuleyule: alilinganisha matokeo yake na ya asembla za zamani.

Mara kumi polepole

Mwanzoni mwa 2015 msimbo uliotafsiriwa uliingia. Ulifanya kazi, na ulikuwa polepole karibu mara kumi kuliko ule wa C.

Mtu wa nje angesema Go ndiyo polepole. Pike alieleza hadharani kwamba tatizo lilikuwa Go mbaya iliyotokana na tafsiri, na sehemu kubwa ya upotevu huo ilirudishwa kwa kuusafisha msimbo. Hapa ndipo deni la vibadilika vya kileleni linapodai.

Katika C, kibadilika cha ndani ya fanksheni hukaa kwenye staki, hata ukichukua anwani yake. Katika Go kompaila hujiuliza: je, anwani hii inaweza kuishi baada ya fanksheni kumalizika? Ikiwa haina hakika, inakihamishia kibadilika kwenye kumbukumbu ya jumla, ambako kukitenga kuna gharama na kizoa taka lazima akifuatilie. Sasa mtazame mwandishi wa C. Ametangaza n moja kileleni, akaitumia kwenye mistari ya mwanzo kwa kazi moja, katikati kwa kazi nyingine, na mwishoni akachukua anwani yake na kuituma mahali. Matumizi matatu yasiyohusiana, jina moja. Kwa kuwa moja kati ya hayo matatu lina mashaka, yote matatu yanahamishwa. Kama kimoja kati yake kimo ndani ya mzunguko unaorudiwa mara milioni, gharama inalipwa mara milioni.

Tiba ilikuwa kumpa kila mmoja jina na maisha yake: kupasua kibadilika kimoja kuwa kadhaa, na kusogeza tangazo la kila kimoja hadi karibu na mahali kinapotumika kwanza. Cox akaandika zana nyingine kwa kazi hiyo, grind, inayosoma Go na kuiandika upya bila kubadili maana. Tazama mpangilio wa mambo: uboreshaji ulikuja baada ya hakimu kuridhika, ukafanywa tena kwa mashine, na hakimu yupo palepale kukagua kila hatua.

Mengine yalihitaji jicho la mtu. Hesabu za namba kubwa, ambazo kompaila ya C ilikuwa imejiandikia yenyewe, ziliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na maktaba ya math/big. Kompaila ya C ilikuwa karibu haiachilii kumbukumbu, inatenga, inatumia, inamaliza kazi na kufa. Tabia hiyo ndani ya lugha yenye kizoa taka ilimfanya kizoa taka afanye kazi bure. Na kuna mfano mmoja nisioweza kuuacha. Kwenye maktaba ya kuchapisha ujumbe wa ukaguzi, ambao kwa kawaida hauchapishwi kabisa, kulikuwa na hoja moja ya aina ya interface, aina ya Go inayopokea thamani za aina mbalimbali. Kuiondoa hoja hiyo peke yake kuliiongezea kompaila kasi ya asilimia 15. Huwezi kulibaini jambo kama hilo kwa kusoma msimbo na kukisia. Unapima, unaona, ndipo unagusa.

Hata baada ya yote hayo, Go 1.5 ilitoka Agosti 2015 ikiwa inakusanya programu polepole karibu mara mbili kuliko 1.4. Maelezo ya toleo yalisema hivyo waziwazi na kutaja sababu, kwamba tafsiri ya mashine ilizaa Go isiyo ya asili. Mimi nauheshimu ukweli huo, lakini gharama yenyewe siichukulii kuwa ndogo. Kasi ya kukusanya ilikuwa moja ya ahadi kubwa za Go. Aliyekuwa na mradi mkubwa alilipa kila alipobonyeza kitufe, kwa miezi mingi. Go 1.7 ya Agosti 2016 ilipunguza muda huo kwa kiasi kikubwa bila kurudi kwenye kiwango cha 1.4, na Go 1.9 ya mwaka uliofuata ikaanza kukusanya fanksheni za pakiti moja kwa pamoja kwenye viini vingi vya prosesa. Ningekuwa mimi mwenye uamuzi, nadhani nami ningetoa 1.5, kwa sababu ndani yake kulikuwa na kizoa taka kipya chenye kusimamisha programu kwa chini ya milisekunde 10 karibu kila mara, kazi ambayo isingewezekana huku nusu ya mfumo ikiwa C. Lakini ningekuwa naijua sura ya aliyelipa.

Lafudhi ya C

Mtu aliyehamia mji mwingine ukubwani hubaki na lafudhi ya kwao. Kompaila ya Go ilibaki nayo kwa miaka.

Ukisoma msimbo wa 1.5 unakutana na mizunguko ya namna hii kila kona:

for l := n.List; l != nil; l = l.Next {

Hiyo ni orodha ya viungo iliyofungwa kwa mkono, kitu ambacho mwandishi wa Go asingekifanya kwa sababu lugha yake ina vipande vya safu tayari. Orodha hizo zilikuja kuondolewa mwaka 2016. Unakutana pia na if Debug['m'] != 0, safu inayotumia herufi kama namba ya nafasi na namba kama jibu la ndiyo au hapana. C tupu, imevaa kanzu ya Go. Sarufi ya yacc, zana ya zamani ya kuzalisha kichanganuzi, ilibaki katika 1.5 na ikaondoka katika 1.6, nafasi yake ikachukuliwa na kichanganuzi kilichoandikwa kwa mkono. Sehemu ya nyuma, inayotoa lugha ya mashine, ilianza kubadilishwa kuwa ya mtindo wa SSA, ambamo kila jina hupewa thamani mara moja tu, katika 1.7 kwa amd64, na kwa prosesa nyingine katika 1.8 ya Februari 2017.

Mfupa mgumu ulikuwa Node. Katika C, kila kitu kwenye mti wa programu kilikuwa Node: jumlisha, wito wa fanksheni, tangazo, sharti, vyote struct moja yenye left, right na orodha kadhaa, na ni juu yako kujua kwa nodi hii left ina maana gani. Tafsiri iliivusha hivyohivyo. Struct hiyo iligawanywa kuwa aina mbalimbali, kila moja na viungo vyake, katika Go 1.17 ya Agosti 2021, miaka sita baada ya kuhama. Mwaka uliofuata, katika Go 1.18 ya Machi 2022, ukaguzi wa aina nao ulikabidhiwa kwa types2, iliyotokana na maktaba ya go/types ambayo ilizaliwa kwa Go tangu mwanzo. Pendekezo la 2013 lilikuwa limeitaja hatua ya namna hiyo kama ya mwisho, jambo la kufikiriwa baadaye. Jenerikia, uwezo wa kuandika msimbo mmoja kwa aina nyingi za data, ambazo watu walizililia kwa zaidi ya muongo, ziliingia kwenye toleo hilohilo. Hata leo majina kama OADD na OCALLFUNC, yaliyotoka kwenye orodha ya C, bado yanaita nodi ndani ya kompaila.

Kwa mtazamo wangu miaka hiyo saba ni sehemu ya tafsiri, si mabaki yake. Kila badiliko kati ya hayo lilifanywa na watu waliokuwa na kompaila inayofanya kazi mikononi, iliyoandikwa kwa lugha wanayoipenda, yenye majaribio. Wangejaribu kuyafanya yote pamoja mwaka 2014, sidhani kama 1.5 ingetoka 2015.

Muongo mmoja baadaye swali lilelile lilibisha hodi kwingine. Tarehe 11 Machi 2025 Anders Hejlsberg wa Microsoft alitangaza kwamba kompaila ya TypeScript, lugha ya programu ya Microsoft, iliyoandikwa kwa TypeScript yenyewe, inahamishiwa kwenye Go. Alieleza kwamba wanaihamisha badala ya kuiandika upya, ili tabia yake ibaki ileile, na kwamba Go ilichaguliwa kwa sehemu kwa sababu msimbo uliopo unaweza kuvuka ukiwa na umbo lake. Kukagua msimbo wa VS Code, kihariri cha msimbo cha Microsoft, wenye mistari takriban milioni moja na nusu, kulishuka kutoka sekunde 77.8 hadi 7.5. Upande huu tafsiri ilileta kasi ya mara kumi. Kwa Go yenyewe, siku ile ya kwanza, iliondoa mara kumi. Utaratibu ulikuwa uleule, umbo kwanza na uzuri baadaye.

Limebaki suala moja, la yai na kuku, ambalo lilirudi kwa sura mpya. Kompaila ya Go iliyoandikwa kwa Go inahitaji kompaila ya Go ili kuzaliwa. Thompson, katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing iliyochapishwa 1984, alikuwa ameonya kwamba kompaila inayojikusanya yenyewe inaweza kubeba hila isiyoonekana popote kwenye msimbo wake. Anayetaka kuanza bila kumwamini mtu aliyempa faili tayari ana njia. Achukue mashine yenye kompaila ya lugha ya C, ajenge Go 1.4. Kwa 1.4 ajenge 1.17, kwa 1.17 ajenge 1.20, kwa 1.20 ajenge 1.22, na kwa 1.22 ajenge 1.24. Chini kabisa ya ngazi hiyo bado kuna walk.c.